Homa ya Saa Moja Asubuhi

Siku waliyoniaga kazini walinipa vitenge viwili, soda ya moto na saa ya ukutani. Mtu ameamshwa na saa miaka arobaini na ushei, siku anayoachiwa alale mnampa saa nyingine. Nilishukuru, maana nimelelewa, lakini moyoni nilisema jamani.

Kabla ya soda, Daktari Neema, binti mdogo mwenye akili nyingi na subira kidogo, alitupa somo. Alisema mwili wa binadamu una saa yake ya ndani. Kwa saa hiyo joto la mwili hupanda jioni na kushuka alfajiri, na askari wa mwili wanaopigana na maradhi nao wana zamu zao, hawako macho sawasawa muda wote. Akasema kirusi kikimwingia mtu saa fulani huzaliana zaidi kuliko kikimwingia saa nyingine, na kwamba wataalamu bado wanalichimba jambo hilo. Alieleza vizuri, sikuwa na neno. Kisha akanigeukia akatabasamu: "Haya mambo mapya, Bibi Zuhura. Enzi zenu hayakuwepo."

Hayakuwepo! Homa ya jioni haikuwepo enzi zetu! Nilibaki na soda mkononi nikitafuta neno la heshima, sikulipata. Ndiyo maana naandika. Nyinyi vijana wa kazini mliniomba muda mrefu niwaandikie habari za kazi, basi hizi hapa, na mtanivumilia nikipandisha sauti. Vyeo sitavitaja, vilikuja vyenyewe na uzee. Mishahara nayo tuiache ipumzike.

Mimi ni mzaliwa wa Mtendeni, hapa hapa Tabora. Ukoo wetu ulitoka Omani na misafara, ukafika Tabora ukachoka kutembea, ukafungua duka. Nilipomwambia baba nataka uuguzi alipima kitambaa chote cha mteja kabla ya kunijibu. "Binti yangu akaoshe watu porini?" Mama akamwambia, "Mwache aende. Ndani ya nyumba hii anatupima sisi kila siku, bora akapime wanaoumwa." Nikaenda.

Mwaka 1974 nilipangiwa zahanati ya kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa trekta kutoka Kigwa. Nilishuka kwenye treni asubuhi na sanduku langu la bati, nikapandishwa juu ya mifuko ya mbolea ya tumbaku. Dereva aliniambia njia ile ndiyo iliyokuwa ya misafara. Nilijua. Babu zangu waliipita na vitambaa, pembe, na watu wasiopenda kwenda. Kijijini nako nilikuta watu wengi waliohamishwa bila kuulizwa sana, nyumba zimepangwa kwa mstari, nyasi za paa bado za kijani.

Mkuu wa zahanati alikuwa mganga msaidizi, Bwana Mhoja, mtu wa Igunga, mrefu, shati limepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inakata. Kabla hajaniuliza kama nimekula alinionyesha kipimajoto. Kilikuwa kimoja tu, kimelala ndani ya kikopo chenye pamba. "Hiki, ndugu Zuhura, ndicho jicho la zahanati. Kikivunjika tumepofuka." Alikuwa amekitia alama ndogo ya rangi nyekundu kwenye nyuzi thelathini na nane. Zebaki ikifika pale, mtu ana homa. Isipofika, hana. Nikaona hapa mambo yamenyooka, nikafurahi. Ujana ni ugonjwa nao.

Sasa elekezeni akili zenu hapa, maana kila kitu kimesimama juu ya utaratibu huu. Kijiji kiliendeshwa na kengele, kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa nje ya ofisi. Saa moja asubuhi kikigongwa, watu wazima wote kwenye shamba la kijiji, watoto wadogo wote kwenye chekechea, nyumba moja ndefu yenye bibi wawili wa kuwaangalia. Mama mwenye mtoto mgonjwa aliruhusiwa kubaki nyumbani kwa siku ile, lakini lazima awe na cheti kutoka zahanati. Cheti kilitolewa kabla ya kengele, kwa kipimajoto. Kwa hiyo kila siku, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kina mama walipanga foleni kwenye kibaraza chetu na watoto mgongoni. Zebaki ikifika kwenye alama, cheti. Isipofika, naandika kitabuni "mzima", mtoto chekechea, mama shamba.

Na karibu kila asubuhi zebaki haikufika.

"Jana jioni alikuwa anaungua," walisema. Wote, bila kupatana, walisema jana jioni. Mwenyekiti wa kijiji akasema ni uvivu, wanawake wametunga wimbo mmoja. Bwana Mhoja hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema kwa sababu nitamsema sana. Alikuwa amefundishwa kwamba mgonjwa hupimwa alfajiri, akiwa ametulia, kabla ya chai na jua. Alikuwa pia amefanya kazi mahali ambapo wahudumu walijaza vipimo vya jioni wakiwa wameketi jikoni, bila kumgusa mtu. Akaapa kwake kipimo kitakuwa kimoja na cha kweli. Kweli kilikuwa cha kweli. Kilikuwa cha kweli saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mwalimu wangu pale hakuwa yeye. Alikuwa Mama Nyanzala, mhudumu wa usafi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakujua kusoma. Asubuhi ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, alisema "Marahaba, Mwarabu wetu," akanipokonya fagio nililokuwa nimelishika vibaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgusa mtoto kwa mgongo wa mkono, shingoni, tumboni, kisha miguuni. "Tumbo la moto na miguu ya baridi, homa iko njiani inapanda. Miguu nayo ikiwa ya moto, imeshafika." Miaka yote iliyofuata sikuona kosa katika hilo.

Alikuwa na yake mengine ya kunitia wazimu. Aliamini mtoto mwenye surua asipewe maji, eti upele utarudi ndani. Tuligombana juu ya maji mpaka watu wakasimama barabarani kusikiliza. Lakini juu ya jioni hakubabaika. "Ugonjwa unatembea na siku," alisema. "Asubuhi unapumzika. Nyie mnaupima umelala, halafu mnasema haupo."

"Mwambie Bwana Mhoja," nilimwambia.

"Nimwambie mimi? Mimi nafagia."

Na mimi niliyekuwa sifagii sikumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha chuo. Nilidhani mama asiyejua kusoma hawezi kujua saa.

Mwezi wa nne wa kukaa kwangu, wakati wa kuvuna tumbaku, akaja Milembe. Alikuwa msichana tu, labda tulilingana umri, mumewe yuko kwenye kazi za tumbaku upande wa Urambo. Alikuwa amezaa mara mbili akabaki na mmoja, Kabula, wa miaka mitatu, mwenye mashavu na maneno mengi.

"Mwangaluka, nesi."

"Mwangaluka, Milembe. Mtoto ana nini?"

"Jana jioni aliwaka. Nilimfunga kanga ya maji, ikamkaukia mwilini."

Nikapima. Thelathini na saba na pointi mbili. "Hana homa."

"Sasa hivi hana. Jioni alikuwa nayo."

"Kipimo kinasema hana."

"Kipimo jana jioni kilikuwa wapi?"

Foleni ilicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe. Bwana Mhoja aliinua kichwa mezani akasema, "Andika mzima." Nikaandika. Kengele ikalia, Milembe akampeleka Kabula chekechea.

Walipotoka, Mama Nyanzala alisimama na ndoo yake mlangoni. "Macho ya mtoto yule umeyaona? Mekundu, na yanakimbia jua."

"Ni moshi wa mabanda ya tumbaku," nilisema. Kijiji kizima kilikuwa na macho mekundu msimu ule. Ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya pili akarudi. Kabula anakohoa, pua inatiririka. Thelathini na saba na pointi nne. Safari hii nilimsema Milembe mbele za watu. Nilimwambia mgonjwa wa kweli haogopi kipimo, na kama anataka kupumzika shamba aseme apumzike, asimsingizie mtoto. Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo na sijapata mahali pa kuyatua. Milembe alimfunga mtoto mgongoni akaondoka kabla ya kengele.

Siku ya tatu Kabula mwenyewe, amezoea, aliinua mkono kabla sijamwambia, nikiweke kipimajoto kwapani. Nikaandika mzima mara ya tatu, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo.

Jioni ya siku ile Milembe alikuja nyumbani kwangu. Wafanyakazi wa zahanati nasi tulifunga saa tisa tukaenda kufunga majani ya tumbaku na wengine, ndio ujamaa, kwa hiyo nilikuwa na utomvu mpaka viwikoni na mgongo umekataa. Alinikuta natia udhu.

"Nesi, njoo umguse tu. Huna haja ya kipimo. Njoo umguse."

"Kwako ni wapi?"

"Mstari wa mwisho, karibu na mbuga."

Mstari wa mwisho ulikuwa mbali. "Nimechoka, Milembe. Mlete asubuhi."

"Asubuhi utaniambia mzima."

"Basi atakuwa mzima," nilisema.

Akasema, "Haya, nesi," akaenda zake. Nikaswali. Sala ile sijui kama ilivuka paa.

Asubuhi ya nne hapakuwa na haja ya kubishana. Upele ulikuwa umetoka nyuma ya masikio ya Kabula na kushuka shingoni, na homa ilikuwa imeacha kujificha, zebaki ilipita alama mapema ile ile. Bwana Mhoja alimfungua mdomo mtoto, akatazama, akaufunga. "Surua," alisema. Kisha akafungua kitabu akasoma asubuhi tatu zilizopita. Mzima, mzima, mzima. Wala hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Kwa nyinyi mliosoma surua kwenye vitabu na kuikuta kwenye chanjo, niwaambie. Surua huambukiza hata kabla ya upele, siku zile za mafua na macho mekundu. Siku tatu zile Kabula alikuwa amekaa kwenye nyumba moja na watoto wote wadogo wa kijiji, wakinywea kikombe kimoja. Nilimpeleka mimi, kwa kalamu.

Tulimlaza kwenye chumba cha vitanda viwili. Nilimwomba Bwana Mhoja kipimajoto kilale na mimi. Alikataa, kisha akaona uso wangu akanipa. Nikampima Kabula asubuhi na jioni, nikachora mistari miwili kwenye karatasi, mmoja wa asubuhi, mwingine wa jioni. Wa jioni ulikaa juu ya wa asubuhi kila siku, bila kukosa siku hata moja. Siku ya tatu nilimfuata Bwana Mhoja kwenye kikao cha kijiji saa kumi na mbili jioni, nikamwita mbele ya wajumbe.

"Ndugu Zuhura, kuna ajenda," alisema.

"Njoo umguse," nilisema. Nilisikia ni sauti ya nani niliyokuwa nikiitumia.

Akaja, amekunja uso. Akaweka mkono juu ya tumbo la mtoto, akauondoa, akautazama mkono. Nikampa karatasi. Aliisoma muda mrefu kwa taa ya chemli. Nilingoja aseme samahani, au aseme jambo lolote. Alisema, "Karatasi hii haina jina la mgonjwa juu." Nikaandika jina. Nusura niivunje kalamu.

Siku ya tano ya upele, asubuhi, Kabula alikuwa wa baridi. Thelathini na sita na nusu. Bwana Mhoja aliingia akasema, "Nafuu," na mimi, pamoja na karatasi yangu, pamoja na mistari yangu miwili, niliamini. Nilimwambia Milembe, "Homa imeshuka." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikaenda kwenye foleni.

Mama Nyanzala ndiye aliyekuja kuniita. "Acha watu, njoo utazame mbavu." Kifua cha mtoto kilikuwa kinaingia ndani kwa kila pumzi, mbio mbio, na kucha zimebadilika rangi. Mwili ulikuwa umepoa kwa sababu ulikuwa umeshindwa, wala haukuwa umepona. Tulifanya yote tuliyoyajua, na tuliyoyajua yalikuwa machache. Saa sita kasorobo mchana Kabula alifariki mikononi mwa mama yake. Milembe hakupiga kelele. Alivuta kanga akamfunika vizuri, akaniuliza, "Ile homa imeshuka?"

Basi mngedhani kijiji kilizinduka. Subutu! Nilitaka chekechea ifungwe. Mwenyekiti akasema majani yataoza mabandani, na mtoto mwingine mgonjwa hayupo, si tunawapima kila asubuhi? Nikamweleza ugonjwa huu huchukua siku kumi na zaidi kujionyesha. Akanieleza bei ya tumbaku. Mgonjwa haulizwi uji, sisi tulimwuliza cheti.

Siku ya kumi na moja tangu Kabula atolewe chekechea, macho mekundu yakaanza. Foleni ya asubuhi ikarefuka, na zebaki, kama kawaida yake, ikakaa chini ya alama. Nikaweka kitabu mezani kwa Bwana Mhoja nikamwambia siandiki tena neno mzima kabla jua halijatua. Alivaa koti lake, akachukua kipimajoto mwenyewe.

"Twende saa kumi na mbili," alisema. "Na Mama Nyanzala aje."

Tulitembea mstari kwa mstari jioni ile, Mama Nyanzala akigusa, mimi nikipima, Bwana Mhoja akiandika. Watoto kumi na mmoja ambao asubuhi kipimo kiliwaita wazima walikuwa wamevuka alama. Kwenye nyumba ya saba Mama Nyanzala alikuwa anasema "huyu" kabla sijakitoa kipimajoto kwenye kikopo, na hakukosea. Bwana Mhoja alipeleka kitabu kwa mwenyekiti jioni ile ile. Sijui alimwambia nini. Asubuhi kengele ililia kwa watu wazima peke yao, na chekechea ilibaki imefungwa mwezi mzima. Kina mama walipewa cheti kwa homa ya jioni, wakabaki na watoto wao wakiwanywesha uji na maji, maji hasa, hapo nilimshinda Mama Nyanzala. Wapo waliokufa. Waliopona walikuwa wengi zaidi. Majani ya tumbaku, kwa taarifa yenu, hayakuoza.

Bwana Mhoja alichora safu ya pili kwenye kitabu cha zahanati kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "Jioni". Kuhusu yote yaliyotokea aliniambia sentensi moja: "Utaratibu umerekebishwa." Nilitaka kumrushia kikopo. Lakini safu ile aliichora kwa rula, kurasa zote zilizobaki mpaka mwisho wa kitabu.

Milembe hakuhitaji cheti tena. Kila asubuhi alikuwa wa kwanza shambani kabla ya kengele. Msimu ulipokwisha alirudi kwa ndugu zake Nzega. Sikuenda kumuaga. Niliona haya.

Baadaye nilihamishiwa mjini, kwenye zahanati ya watu wa zamu, wanaofanya kazi mchana wiki hii na usiku wiki ijayo. Huko nako niliona kitu. Kila walipogeuzwa zamu, siku chache baadaye foleni ya mafua ilitoka nje ya mlango. Nilimweleza mkuu wangu, akasema ni baridi. Ulikuwa mwezi wa kumi, Tabora, mnaijua Tabora ya mwezi wa kumi. Sikuwa na ushahidi, nilikuwa na foleni tu, na foleni haiendi semina. Leo Daktari Neema anasema mtu aliyevurugwa usingizi na saa ya mwili wake hulinda mwili wake vibaya. Asante, binti. Tumechelewa, lakini asante.

Na nisije nikaonekana najua yote. Homa kupanda jioni ni jambo moja, niliona kwa macho. Kwamba kirusi chenyewe hupata mwanya mkubwa au mdogo kulingana na saa kiliyoingia, hilo ni jambo jingine, sikuliona na nisingeweza kuliona kwa kikopo chenye pamba. Wanasema huenda hata chanjo hushika tofauti asubuhi na alasiri. Huenda. Mimi najua kwamba chanjo iliyosahaulika juani haishiki saa yoyote, na kwamba nyinyi mnaweza kuijadili saa ya mwili mpaka chai ipoe bila mmoja wenu kuandika saa aliyompima mgonjwa. Nilipitia mafaili yenu wiki ya mwisho. Joto limeandikwa, saa hakuna! Andikeni saa. Pimeni mara mbili. Hesabuni pumzi hata kama mwili umepoa, hasa kama umepoa. Na mama akikwambia jana jioni, usimwulize anatafuta nini.

Mwaka wa saba au wa nane baada ya kijiji kile, nilikuwa kliniki ya watoto hapa mjini. Saa nne asubuhi aliingia mama na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja hivi. Nilimtambua kabla hajaketi. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Shikamoo, nesi," alisema, ingawa tulilingana.

"Milembe," nikasema. "Milembe, yule Kabula, mimi…"

"Mpime kwanza."

Nikampima. Hakuwa na homa. Macho meupe, kifua safi, nikahesabu pumzi dakika nzima. Alikuwa na mafua ya kawaida ya watoto. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akamchukua mtoto, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Nilidhani anapumzika. Saa sita alikuwa bado pale, anamnyonyesha. Saa nane nilimpelekea chai na mkate, akapokea. Saa tisa wenzangu walifunga wakaondoka. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye. Alinitajia jina la mtoto, Juma. Nilimwuliza habari za Nzega. Jua lilihama ukuta mmoja mpaka mwingine.

Saa kumi na mbili jioni alimfungua shati Juma, akamwinua mkono. Nikakung'uta kipimajoto nikakiweka, tukangoja wote wawili. Nikakitoa nikakisogeza dirishani.

"Thelathini na saba na pointi moja," nilisema. "Hana homa, Milembe. Mzima."

Alinitazama.

"Pima tena," alisema.

Nikapima tena.